Swali Lililobaki Nyuma ya Daftari

(Hotuba kwa wazazi, wahudumu wa afya ya jamii na wanafunzi wa uuguzi, Kilifi, 2025)

Bwana Chifu, wazee wetu, kina mama mlioacha mashamba na vibanda vyenu asubuhi hii, wahudumu wa afya ya jamii, na nyinyi wanafunzi wa uuguzi mliowaachia wazee viti mkasimama: shikamooni wakubwa, na wadogo zangu hamjambo.

Nimeombwa nizungumze juu ya hatua mpya za utafiti wa tiba duniani. Ziko nyingi. Nimechagua moja, kwa sababu hiyo niliiona ikitambaa, ikasimama dede, ikatembea, na kwa sababu ilipitia katika nyumba za baadhi yenu mlioketi hapa. Ni chanjo ya malaria.

Nilifanya kazi ya nyanjani kwa miaka mingi. Nilikwenda nyumba kwa nyumba, nikiwasomea wazazi fomu ya ridhaa kwa sauti, nikipima joto la mtoto, nikitoboa kidole kupata tone la damu. Nilikuwa na daftari. Kurasa za mbele zilikuwa za kazi: namba ya mtoto, joto lake, tarehe ya kurudi. Kurasa za nyuma niliandika maswali ambayo watu waliniuliza nikashindwa kuyajibu papo hapo. Habari za mbele ziliingizwa kwenye kompyuta zikaenda zake. Maswali ya nyuma nimebaki nayo mimi, na daftari nimekuja nalo leo.

Kabla sijalifungua, vijana wanivumilie kidogo, maana hawakuyaona. Miaka ya nyuma, mvua za masika zikishanyesha wiki tatu nne, wodi ya watoto ilijaa hadi kitanda kimoja kikalaza wawili. Mtoto aliyelala mzima usiku, asubuhi amekakamaa, macho yamegeukia juu. Wengine tuliita degedege, wengine nyuni, tukisema kivuli cha ndege kimempitia. Na ikaaminika kwamba mtoto wa nyuni akidungwa sindano hufa, kwa hiyo alipelekwa kwanza kwa mganga, akafika hospitali damu imeisha mwilini, viganja vyeupe kama karatasi. Simlaumu mama yeyote. Watoto wengi waliodungwa sindano walikuwa wamechelewa mno, wakafa kweli, na aliyeona hivyo mara tatu alikuwa na sababu ya kuamini. Dawa tuliyoizoea, klorokwini, ilikuwa inashindwa. Kenya iliiacha mwaka 1998 ikaingia dawa nyingine, SP, nayo SP haikudumu. Mwaka 2004 ikaamuliwa tuhamie dawa za mseto zenye atemisinini, ile ya Wachina, ambayo mama mmoja mtafiti, Tu Youyou, aliitoa kwenye majani ya shambani mwaka 1972, akatunukiwa Nobeli mwaka 2015.

Na neti. Leo mtu anafugia kuku kwa neti. Basi jueni kwamba swali la kama neti iliyotiwa dawa inaokoa maisha ya mtoto lilijibiwa katika nchi chache tu za Afrika, na mojawapo ya mahali hapo ni hapa Kilifi, kuanzia mwaka 1993. Vifo vya watoto wadogo katika vijiji vyenye neti vilipungua kwa asilimia 33, na malaria kali kwa asilimia 44. Dunia iligawa neti kwa mamilioni ikitegemea hesabu zilizotoka katika vibanda vyetu vya makuti. Hilo sikulisikia likisemwa hadharani hata mara moja, ndiyo maana nalisema.

Sasa chanjo.

Watu huniuliza: surua ina chanjo tangu zamani, pepopunda ina chanjo, kwa nini malaria ilichukua miaka yote hiyo? Jibu la kwanza liko katika mdudu mwenyewe. Kirusi cha surua ni kitu kidogo, chenye jeni zisizofika kumi na mbili. Kimelea cha malaria kina jeni zaidi ya 5,000, na kila kinapohama kutoka sehemu moja ya mwili kwenda nyingine kinavua nguo na kuvaa nyingine. Mbu jike akikuuma, anakutemea vimelea vichache vyembamba kama uzi. Kabla saa haijaisha vimeshafika kwenye ini. Humo ini vinakaa wiki moja hivi, kila kimoja kikizaa maelfu kwa maelfu, na siku hizo zote mtoto anacheza, anakula, huoni kitu. Vikitoka huko kuingia kwenye damu ndipo homa inapopanda. Ukitaka kuvizuia kabla havijazaana una nafasi ile fupi tu, kati ya mate ya mbu na ini. Ni sawa na kumsubiri mwizi kwenye kichochoro anachokipita mara moja, kwa dakika chache, gizani.

Mwaka 1987, katika maabara moja Ubelgiji, wanasayansi walichukua kipande cha koti ambalo kimelea hulivaa kinapotoka kwa mbu, wakakibandika juu ya kipande cha kirusi cha homa ya ini aina ya B, ambacho mwili hukitambua kwa urahisi. Wakaongeza kichocheo cha kuuamsha mwili upigane kwa nguvu. Sehemu ya kichocheo hicho inatoka kwenye maganda ya mti wa Chile, ambayo ukiyasugua ndani ya maji yanatoa povu kama sabuni. Chanjo ikapewa jina la herufi tu, RTS,S. Kutoka mwaka huo mpaka Shirika la Afya Duniani liliposema itumike kwa watoto, tarehe 6 Oktoba 2021, ni miaka 34. Mtoto aliyezaliwa mwaka ilipoundwa alikuwa ameshakuwa mzazi. Nayo ilikuwa chanjo ya kwanza kabisa kukubaliwa dhidi ya kimelea cha aina yoyote kinachomshambulia binadamu.

Jibu la pili silipendi, lakini nitalisema. Korona ilijulikana mwanzoni mwa 2020, na kabla mwaka haujaisha watu wa Ulaya walikuwa wanachanjwa. Ugumu wa mdudu ni sababu ya kweli. Lakini wanaokufa kwa malaria ni watoto wa aina gani? Mwaka 2023 walikufa watu 597,000. Asilimia 95 yao ni wa Afrika, na katika hao wa Afrika, karibu watatu katika kila wanne hawajafika miaka mitano. Watoto hawa hawana soko, na wazazi wao hawana mbunge huko ambako fedha za utafiti zinagawanywa.

Mwaka 2007 chanjo ilifika hapa. Jaribio lilifanywa Kilifi na Korogwe, kule Tanga, kwa watoto 894. Nusu walipata chanjo ya malaria, nusu wakapata chanjo ya kichaa cha mbwa, na wala mzazi wala daktari hakujua nani kapata ipi. Hapo ndipo kurasa za nyuma za daftari langu zinapoanza kujaa.

Swali la kwanza kabisa niliandika hivi, neno kwa neno: "Kwa nini mmpe mwanangu ya mbwa?" Ni swali zuri. Ilibidi nieleze kwamba kumdunga mtoto maji matupu si haki, kwa hiyo aliyekosa ya malaria apate kitu kitakachomfaa maishani, na mbwa wa kuuma tunao. Baba mmoja aliniuliza kwa nini ni kura, kwa nini tusiwachague wenye shida zaidi. Nikamwambia tukiwachagua tutajidanganya, maana mwishoni hatutajua kama ni chanjo iliyofanya kazi au ni macho yetu yaliyochagua. Alikaa kimya muda, akasema: basi kura ni kama hakimu asiyejua sura za watu. Mfano wake niliutumia mpaka nilipostaafu.

Damu ndiyo iliyokuwa kazi. Tulikuwa tunapima kwa kijiko cha chai: leo nitachukua kijiko kimoja, kisichojaa. Bibi mmoja akaniambia, "Wewe unasema kijiko. Na gari lile lina ndoo." Akataja mumiani.

Wanafunzi, naomba msicheke. Wazee wetu walikua wakisikia kwamba kulikuwa na watu wenye magari wanaokamata Waafrika usiku na kuwatoa damu ikatengenezwe dawa ya wengine. Habari hizo zilienea pwani yote na bara yake, enzi za mkoloni. Sikuwahi kumwona mumiani, lakini niliona kwamba neno lenyewe lilikuwa limebeba jambo la kweli: miili ya watu wetu imewahi kutumika kwa faida ya watu wa mbali bila kuulizwa. Mama anayeogopa damu ya mwanawe kuchukuliwa na mgeni mwenye gari ana akili timamu. Hofu yake inajibiwa kwa kukaa naye kwenye mkeka, kumwonyesha sindano, kumpeleka maabara akaone damu inapowekwa, na kukubali akikataa. Wengi walikataa. Wengine walikubali, mama mkwe akaja akavunja. Wengine walikubali, wakakataa, wakakubali tena. Nawaambia hivi ili mtakapokuwa manesi msije mkadhani ridhaa ni kutia sahihi tu chini ya karatasi.

Matokeo ya hao watoto wa Kilifi na Korogwe yalipotoka mwaka 2008, homa za malaria zilikuwa zimepungua kwa asilimia 53 katika ile miezi michache ya mwanzo. Tulifurahi mno. Ndipo likaja jaribio kubwa, kuanzia 2009: watoto 15,459, vituo 11 katika nchi saba. Kenya ilikuwa na Kilifi, Siaya na Kombewa. Tanzania ilikuwa na Korogwe na Bagamoyo, ambako Salim Abdulla wa Taasisi ya Afya Ifakara aliongoza. Msumbiji, Malawi, Ghana, Gabon na Burkina Faso zikamaliza hesabu.

Furaha yetu ikapunguzwa. Kwa watoto walioanza wakiwa na miezi 5 hadi 17, wakapata dozi zote nne, malaria ilipungua kwa asilimia 36 katika miaka minne hivi. Thelathini na sita tu. Wengine walisema chanjo ya namna hiyo haina maana. Mimi nilirudi vijijini nikahesabu kwa njia ya mama wa nyumbani. Mtoto wa malaria haugui mara moja. Anaugua leo, mwezi ujao tena, na masika yakija tena. Kwa hiyo katika jaribio lile, kwa kila watoto 1,000 waliopata dozi nne, malaria 1,774 zilizuiwa. Zaidi ya moja kwa kila mtoto! Kila moja ni usiku mmoja wa kukesha na kitambaa cha maji, ni bodaboda ya saa nane usiku, ni siku ya kibarua iliyopotea, na moja kati ya hizo nyingi ndiyo ambayo mtoto asingerudi nayo nyumbani.

Palikuwa na mambo mengine mawili yaliyonikosesha usingizi, nayo sitayaficha. Katika jaribio lile uti wa mgongo, yaani homa ya utando wa ubongo, ulionekana mara nyingi zaidi kwa waliochanjwa. Na wasichana waliochanjwa walionekana kufa zaidi kuliko wasichana wa kundi lingine. Hakuna aliyeweza kusema kama ni chanjo au ni bahati mbaya ya hesabu. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani likakataa kuitangaza moja kwa moja, likataka itolewe kwanza kwa uangalifu katika nchi tatu: Malawi na Ghana kuanzia Aprili 2019, na Kenya tarehe 13 Septemba mwaka huo, pale Homa Bay. Wapo waliokasirika kwa kucheleweshwa. Mimi sikukasirika. Watoto walikuwa wanakufa huku tukisubiri, ni kweli, na kusubiri huko kulikuwa na gharama. Lakini kama tungekuja kwenu na jambo lile halijajibiwa, mngekuwa na haki ya kutufukuza. Jibu lilipopatikana lilikuwa wazi: uti wa mgongo haukuongezeka, wasichana hawakufa zaidi. Kufikia mwisho wa 2023 watoto zaidi ya milioni mbili walikuwa wamechanjwa katika nchi hizo, na vifo vya watoto wa umri ule, vya sababu zote ukitoa ajali, vilipungua kwa asilimia 13. Mtu aliyezoea wodi niliyowaeleza anajua asilimia 13 ya vifo ni watoto wangapi wanaokimbia uwanjani leo.

Chanjo ya pili inaitwa R21. Ni ndugu wa ile ya kwanza, imeundwa Chuo Kikuu cha Oxford, ila kwenye hii kile kipande cha malaria ndicho kilichotawala, na inatengenezwa kwa wingi India. Ilijaribiwa Burkina Faso, Mali, na tena kwetu: Kilifi na Bagamoyo. Hapa Kilifi aliongoza Mainga Hamaluba, Bagamoyo Ally Olotu. Katika mwaka wa kwanza ilizuia malaria kwa asilimia 75 kule ambako ugonjwa huja kwa msimu na chanjo ikatolewa kabla ya mvua, na asilimia 68 katika sehemu kama zetu. Shirika la Afya Duniani liliikubali Oktoba 2023. Uganda ilianza kuitoa Aprili mwaka huu, ikianzia Apac, na wilaya zaidi ya mia moja zimepangwa. Burundi nayo imeanza mwaka huu.

Na jirani zetu wa Kwale nao wametoa mchango ambao habari zake zimetoka juzi, Julai hii. Watu wa vijijini, wakubwa kwa watoto, walipewa ivamektini, dawa tunayoijua ya minyoo na upele, mara moja kwa mwezi kwa miezi mitatu. Mbu anayemuuma mtu aliyekunywa anakufa. Maambukizi ya malaria kwa watoto wa miaka 5 hadi 15 yakapungua kwa asilimia 26 zaidi ya kile neti inachozuia peke yake. Tunaihitaji kila silaha, maana Kagera, Rwanda na Uganda tayari wameonekana vimelea ambavyo atemisinini inachelewa kuviua, na mimi niliyeiona klorokwini ikizama sihitaji kuambiwa mara mbili maana yake.

Sasa niseme na nyinyi wauguzi wa kesho, kwa sababu hapa ndipo pananiuma. Watoto 447 wa Kilifi waliokuwa kwenye jaribio la 2007 walifuatwa kwa miaka saba. Waliopata ya malaria walikuwa wamepata dozi tatu, maana ya nne haikuwamo katika jaribio hilo. Kinga ilififia mwaka hadi mwaka. Na wale waliokaa penye mbu wengi, ilipofika mwaka wa tano, waliochanjwa waliugua zaidi kuliko wenzao, kwa sababu miaka ile ya mwanzo hawakukutana na malaria vya kutosha miili yao ikaizoea. Kufifia huko kwa kinga ndiyo sababu ya kuwapo dozi ya nne. Katika mpango ulioanza Homa Bay, chanjo ilipangwa miezi 6, 7, 9, na ya mwisho miezi 24. Fikirini: baada ya chanjo ya surua mama haendi tena kliniki na mtoto mzima. Amejifungua mwingine, au amerudi kwenye biashara, au amehamia Mombasa. Kitabu cha kliniki kiko chini ya godoro. Huyu hajakataa chanjo. Amesahau, au hakuambiwa, au alikuja akaambiwa leo hazipo, rudi Alhamisi, akapoteza nauli mara mbili. Wahudumu wa afya ya jamii, nyinyi mnajua nyumba ipi ina mtoto wa miaka miwili. Andikeni tarehe ya dozi ya nne siku mnayompa ya tatu, kwa kalamu nene, kwenye jalada la nje la kitabu. Na muulizeni mama simu ya nani itumike akipoteza yake.

Nimalizie na ukurasa wa mwisho wa daftari.

Mwaka 2007, nilipomaliza kusoma fomu, mama mmoja kijana alikubali, akatia sahihi, kisha akaniuliza: "Hii chanjo ikifaa, na huyu atakayefuata ataipata?" Alikuwa na mimba changa. Niliandika swali lake, na pembeni nikaandika: nitauliza.

Niliuliza. Wakubwa wangu walisema ndiyo, ikifaa, italetwa. Walisema kwa nia njema. Chanjo ilipoanza kutolewa Kenya mwaka 2019 ilikwenda kaunti nane za magharibi, zile za Ziwa Victoria na majirani zake. Pwani hatukuwamo. Nilielewa sababu, na nazitetea hata leo: kule ziwani malaria ni nyingi kuliko kwetu, chupa zilikuwa chache, na ukigawa kichache unaanza na aliye katika hatari zaidi. Kwa mgao wa kwanza wa kimataifa, wa 2023 hadi 2025, dozi zilikuwa milioni 18 tu kwa nchi 12. Lakini R21 imekuja, bei yake ni dola chache kwa dozi, na watengenezaji walisema wanaweza kutoa milioni 100 kwa mwaka. Uhaba uliokuwa jibu mwaka 2019 si jibu tena. Kama sababu sasa ni fedha, tuambiwe ni fedha kiasi gani. Kama ni kwamba malaria ya kwetu imepungua mno, tuonyeshwe ramani, kijiji kwa kijiji, kwa sababu wanaoishi karibu na mabwawa na vijito wanajua yao haijapungua.

Yule mtoto wa sindano ya 2007 sasa ni msichana mkubwa. Yule wa tumboni alizaliwa mvulana, hakuchanjwa, na aliugua malaria mara nyingi kuliko nilizoandika. Mama yao yuko hapa, safu ya tatu, na aliyempakata ni mjukuu wake, mwenye miezi mitano. Mwezi ujao anafika umri wa dozi ya kwanza.

Wenzetu wa idara ya afya mlioko meza ya mbele, swali ni lake na lina miaka 18. Nawaletea kipaza sauti.